Picha Iliyokwenda kwa Melenaite

Jumanne simu ya Lisiate haikutoa mlio. Jumatano vilevile. Alhamisi alipoamka aliichukua juu ya sanduku la Biblia, akakipangusa kioo kwa kiganja, akaiweka sikioni, akaitikisa, kisha akairudisha mahali pake polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Imekufa?" aliuliza Paea, mkewe, aliyekuwa akifunga nyama ndani ya majani ya magimbi.

"Haijakufa. Ina taa."

"Basi ina nini?"

"Melenaite hajaandika."

Melenaite alikuwa dada yake mkubwa, na makao yake yalikuwa Auckland tangu enzi ambazo watu wa kisiwa cha Lifuka waliondoka kwa meli na kuagwa kwa nyimbo gatini. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani, yeye na mwanawe, akamletea mdogo wake simu hii, na tangu hapo alikuwa na mazoea. Akishamaliza sala ya asubuhi hujimiminia chai, hufungua simu yake, hutazama picha ambazo Lisiate amepiga, kisha humwandikia neno moja au mawili. Viazi vikuu vimenenepa, mdogo wangu, Mungu ni mwema. Nguruwe mweusi asichinjwe mpaka harusi. Mbona paa la jikoni limelala upande? Lisiate aliyasoma maneno hayo huku midomo ikimcheza, akayarudia kwa Paea kana kwamba yametoka kanisani, kisha akaenda shamba na moyo mweupe.

"Labda salio limekwisha," alisema Paea.

"Dada yangu? Dada yangu haishiwi."

"Basi anaumwa."

"Angekuwa anaumwa tungejua kabla yake. Yule mwanawe angetangaza."

"Basi amechoka na viazi vyako. Kiazi kimelala, kiazi kimesimama, kiazi na nguruwe, nguruwe bila kiazi. Mimi ningekuwa nimechoka tangu Februari."

Lisiate hakucheka. Alijaribu kukaa kwenye mkeka, akakumbuka, akakaa upande wa kulia tu, mguu mmoja ameunyoosha. Paea alimtazama anavyokaa. Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Mzee," alisema, safari hii bila mzaha. "Ile picha ya Jumatatu."

"Picha ipi?"

"Unajua ipi."

"Ile nilimpelekea nesi. Nilibonyeza mshale mwenyewe, jina la nesi likatokea, ikaenda kwa nesi. Nesi akajibu, akaleta dawa. Kwa nini unaniuliza habari za nesi?"

"Na picha za viazi? Unabonyeza mshale ziende kwa wifi yangu?"

Kusema kweli kwa viazi Lisiate hakuwahi kubonyeza chochote. Alipiga picha ya kiazi, na kesho yake dada aliisifu. Alidhani ndivyo simu zinavyofanya, kama jogoo anavyowika bila kuombwa. Hakuwahi kujiuliza jogoo huyo huwika kwa nani, wala huchagua nini.

Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya jipu. Lilimtoka mahali ambapo mwanamume hukalia, upande wa kushoto, na kwa wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akienda kwenye kikao cha kava, kinywaji cha mizizi kinachotia ganzi, na kukaa kama kuku aliyevunjika mguu, wenzake wakimuuliza kama anaatamia yai. Zamani tabibu angekuja mwenyewe juu ya farasi, angefunika kila kitu kwa shuka isipokuwa jipu, angelitazama, angelikamua, na jambo hilo lingekwisha ndani ya chumba kile na kuzikwa humo. Siku hizi ugonjwa hupigwa picha kwanza. Nesi alimwambia kwa simu, "Usije, babu, njia mbovu, utaumia zaidi. Piga picha unitumie." Lisiate alishika nguzo ya nyumba akainama, na Paea akashika simu.

"Tabasamu," alisema Paea.

"Paea!"

"Basi usitabasamu. Nani atajua?"

Ndivyo picha ile ilivyopigwa. Ilitoka safi kuliko picha zote ambazo simu ile iliwahi kupiga, maana mwanga wa mlangoni ulikuwa mzuri.

Sasa Lisiate alisimama katikati ya nyumba. Kwa msomaji wa mbali jambo hili laweza kuwa la kuchekesha, na wapo vijana wa Lifuka wa leo ambao nao wangelicheka, kwa kuwa wao hujilaza kando ya dada zao mbele ya filamu moja, godoro moja, blanketi moja, na watu wakibusiana kiooni hakuna anayeinuka. Lisiate hakulelewa hivyo. Tangu sauti yake ilipoanza kuwa nzito hakulala tena chini ya paa moja na Melenaite. Wavulana walikuwa na kibanda chao ng'ambo ya mshelisheli. Redio ikianza wimbo wa mapenzi, yeye au dada yake alitoka nje bila kuambiwa. Akikuta nguo za dada yake zimeanikwa, alizunguka nyuma ya nyumba hata kama mvua inanyesha. Mtu akitoa mzaha mchafu kwenye kundi la watu, ilitosha mwingine kukohoa na kusema, "Hapa yupo kaka na yupo dada," na mwenye mzaha aliumeza ukiwa bado wa moto. Katika miaka yao yote Melenaite hakuwahi kuona hata goti la mdogo wake.

Tena dada si mtu wa kuoneana haya tu. Dada ni mkubwa kuliko kaka, hata kama kaka ana ndevu nyeupe na shamba kubwa. Kiazi cha kwanza ni chake. Mkeka mzuri kuliko yote ni wake. Na binti wa kaka akiolewa, shangazi ndiye anayekaa mahali pa juu; harusi isiyo na shangazi ni watu waliokusanyika kula nguruwe. Ilaisane, binti wa mwisho wa Lisiate, alikuwa anaolewa mwezi huo huo. Melenaite alisema atakuja. Je, atakuja? Atakaaje juu ya mikeka ile, uso mbele ya umati, baada ya kuona alichokiona? Au hakukiona?

"Tumuulize," alisema Paea.

"Tumuulize nini? 'Dada, uliona makalio yangu?'"

Paea alicheka mpaka machozi, kisha akaona uso wa mumewe, akajifuta.

"Twende kwa Latai," alisema.

Latai alikuwa mjane aliyewafundisha wazee mambo ya simu kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Ujana wake wote aliutumia kwenye nyumba ya simu ya mji wa Pangai, mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale. Kila neno lililotoka kisiwani kwenda mbali lilipita sikioni mwake. Watu walijua anasikia, na kwa sababu walijua, walisema kwa adabu. Alisikia nani amekufa kabla ya watoto wa marehemu, akachomoa waya, akaenda nyumbani akapika, mdomo wake kimya. Kisha ubao ukang'olewa, na Latai akapewa cheti chenye fremu. Leo maneno ya watu yanapita mahali ambapo hakuna anayejua ni wapi, yakisikilizwa na asiyejulikana, na wazee wanaambiwa haya ndiyo maendeleo.

Kulikuwa na tatizo moja. Latai alikuwa binti wa baba mdogo wa Lisiate, na kwa hesabu ya pale binti wa baba mdogo ni dada. Dada kabisa. Lisiate alilijua hilo njia nzima, na bado miguu yake ilikwenda.

Ukumbi ulijaa. Wazee walikuwa wamefunga mikeka yao ya heshima viunoni kama wanaokwenda ibadani, kila mmoja na simu mapajani.

"Nauliza tena," Latai alikuwa akisema, miwani puani. "Nani hapa ana namba ya siri ambayo si namba ya wimbo wa kanisani?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Nilijua. Kanisa zima mna nyimbo tatu. Mwizi akitaka kuwaibia hahitaji akili, anahitaji kitabu cha nyimbo."

"Mimi yangu hawezi kuijua," alisema mzee Vaisima, mvuvi wa zamani mwenye kichwa kikubwa. "Ni wimbo tuliomzika nao mama yangu."

"Usiseme, Vaisima!"

"Nimesema wimbo tu. Ubeti sijautaja."

"Ubeti wa tatu," alisema bibi mmoja nyuma. "Ndio pekee anaoujua."

Ukumbi ukalipuka. Vaisima naye alicheka, kisha akainamia simu yake akijaribu kubadilisha namba, na jirani yake akamsaidia kuichagua kwa sauti kubwa. Latai alishika paji la uso.

Lisiate alisubiri kicheko kiishe. Alisimama, maana kusimama kulikuwa rahisi kuliko kukaa.

"Nina swali," alisema. "Si langu. Ni la mtu."

"Uliza, kaka."

"Mtu huyo alipiga picha ya... nguruwe."

"Sawa."

"Upande wa nyuma wa nguruwe. Alikuwa mgonjwa."

"Mtu?"

"Nguruwe. Sasa yule mtu anahofia picha imekwenda mahali ambapo hakuituma. Imekwenda yenyewe. Imekwenda... kwa dada yake."

Hakuna aliyecheka. Hata Vaisima aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Latai alishusha macho kwenye karatasi zake akaanza kuzipanga, ingawa zilikuwa zimepangwa. Bibi mmoja akakumbuka kwamba ana shimo la kupikia linalongoja kufunikwa. Mwingine akakumbuka wajukuu. Mmoja mmoja walijiondoa, bila haraka, wakimpita Lisiate kwa kuinama kidogo kama watu wanaotoka msibani, na Vaisima alipofika mlangoni alimshika bega.

"Pole na nguruwe wako," alisema kwa upole wa kweli.

Wakabaki watatu. Latai aliinua kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa.

"Wifi," alimwita Paea, "wewe shika simu. Kaka atoke nje ya mlango. Mimi nitasikiliza, wewe utanisomea kilichoandikwa. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza, sikuwahi kuhitaji kuona."

Lisiate alitoka akasimama barazani. Kuku wa mchungaji walikuwa wakichakura chini ya ngazi. Alisikia kila neno.

"Umefungua albamu? Unaona nini?"

"Naona kitu cha mviringo," alisema Paea.

"Wifi! Sitaki mviringo! Nataka maandishi, juu, kona ya kulia!"

"Umesema unaona nini."

"Maandishi!"

"Basi sema maandishi. Kuna nukta tatu."

"Ziguse. Soma."

"Shiriki. Hamisha. Ondoa. Waliomo."

"Usiguse Shiriki. Mkono wako uko wapi?"

"Mkono wangu uko mkononi mwangu, Latai, usinipigie kelele kama ninapiga simu Fiji."

"Gusa Waliomo. Tujue nani yumo ndani ya nyumba kabla hatujafagia."

Paea akaanza kusoma majina. Melenaite. Sitaleki, mwana wa Melenaite. Mke wa Sitaleki. Mama wa mke wa Sitaleki, ambaye Lisiate alimwona mara moja tu na hakumpenda. Binamu wawili wa Sydney.

"Na Mchungaji Tomasi wa Auckland," alimaliza Paea.

"Mchungaji anafanya nini humo?" Lisiate alipiga kelele kutoka barazani.

"Ni picha za ubatizo," alijibu Paea. "Sitaleki alisema mchungaji anataka kuona ubatizo wa mjukuu. Alikuuliza, ukasema ndiyo."

Hapo Lisiate akakumbuka. Ilikuwa baada ya chakula cha Krismasi. Sitaleki alikuwa ameishika simu, kidole kikiruka kama panzi. Mjomba, unakubali hii? Ndiyo. Na hii? Ndiyo. Na hii, mjomba, ili mama aone? Ndiyo, ndiyo. Alikuwa hajui anakubali nini, lakini alijua nani anamuuliza. Mwana wa dada hakataliwi na mjomba wake. Akitaka kuku wako anamchukua mbele yako ukiwa unamtazama. Akitaka shati lako, unalivua. Kila mara simu ilipouliza ruhusa, Lisiate aliijibu kama anavyomjibu mwana wa dada yake, na simu, ambayo haina mama wala mjomba, ikachukua kila kitu.

"Kuna kingine," alisema Paea. "Hapa pana ramani. Pana alama nyekundu. Imeandikwa: Lisiate yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, ukumbini. Kweli yuko hapa, wamemjua vizuri."

"Na nani anaiona alama hiyo?" aliuliza Latai.

"Melenaite."

Barazani Lisiate alishika nguzo. Jioni zote zile alizomwandikia dada yake kwamba yuko shambani anapalilia, naye yuko kwenye kava hadi mdomo umekufa ganzi. Na dada hakuwahi kusema neno. Ubarikiwe kwa kazi, mdogo wangu, ndivyo alivyoandika. Alikuwa anamheshimu, au alikuwa anamcheka?

"Kaka," Latai aliita, bado uso ukutani. "Picha ile tutaitoa sasa. Ikitoka hapa inatoka kwao wote. Lakini haitoshi. Kesho utapiga picha ya dawa yako, ya nini sijui, nayo itakwenda. Niruhusu nifunge mlango wote. Picha zibaki kwako, ramani izimwe. Ukitaka kumpelekea kiazi, utampelekea kiazi kwa mkono wako."

"Ukifunga, dada atajua?"

"Ataandikiwa."

"Ataandikiwa nini?"

"Ataandikiwa: Lisiate ameacha kushiriki nawe."

Lisiate aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Ameacha kushiriki nawe. Kaka kamwandikia dada. Hata adui yake hajawahi kumwandikia hivyo. Kama angeingia nyumbani kwa Melenaite akamnyang'anya mkeka aliokalia, isingekuwa mbaya zaidi. Huyu aliyemletea simu yenyewe! Kuna kitu gani cha Lisiate ambacho si cha dada yake, mpaka akiwekee kufuli?

"Hapana," alisema.

"Mzee, fikiri," alisema Paea.

"Nimefikiri. Picha itoke. Mlango ubaki wazi."

"Mlango ukibaki wazi wewe ndiwe utakayeendelea kuinama mbele yake."

"Siwezi kumfungia dada yangu mlango!"

"Basi nunua chupi ya chuma."

Latai alikohoa ukutani, na hakuna aliyejua kama ni kikohozi. Kisha akamwongoza Paea: ondoa, thibitisha, ndiyo. Paea akasema imetoka, pamebaki viazi. Ndipo Lisiate alipoingia.

"Latai, dada. Aliiona au hakuiona?"

"Simu haisemi."

"Zamani kwenye ubao wako ungejua."

"Zamani ningejua," alisema Latai akigeuza kiti, "na nisingekuambia."

Siku zilizofuata hazikumpa Lisiate jibu lolote. Alipiga picha ya kiazi kirefu kuliko mkono wake, kiazi ambacho mwaka mwingine kingeleta maneno mengi kutoka Auckland. Kimya. Paea alipiga simu. Akapokea Sitaleki, akasema mama yuko bustanini. Akapiga tena, mama analala. Melenaite halali mchana, hajawahi. Lakini je, mtu wa umri ule haruhusiwi kuanza? Lisiate aliligeuza jambo hilo kila upande na kila upande ulikuwa na maana mbili. Kama aliiona, kimya chake ni aibu. Kama hakuiona, kimya chake ni uchovu. Kama aliiona na ameamua hakuiona, basi kimya ni heshima, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, na yeye hatajua kamwe. Alianza kuogopa simu yenyewe. Akivua nguo kuoga aliifunika kwa sufuria.

Ilaisane alikuja akauliza, "Baba, shangazi anakuja?"

"Amesema anakuja."

"Amesema lini?"

"Zamani," alisema Lisiate, na binti akamtazama bila kuelewa.

Siku chache kabla ya harusi ndege ndogo ilitua kwa upepo mkali, na Lisiate alisimama kando ya uzio akiwa amefunga mkeka wake mzito, ule wa mazishi na wa wafalme. Mlango ukafunguka. Akatoka mzungu mwenye mkoba, akatoka mama na mtoto. Kisha akatoka Melenaite, kofia kichwani, akishuka ngazi kwa kinyumenyume kama anavyoshuka siku zote.

Kumbe amekuja. Lisiate alimkaribia, akainamisha kichwa, na dada yake akainamisha chake. Wakagusana shavu haraka, kama wafanyavyo watu wa rika lao. Melenaite hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa kwenye begi lake, kisha kwenye mawingu, kisha kwa Paea, na hapo ndipo yalipotulia, akamkumbatia wifi yake wakalia kidogo.

"Hakunitazama," Lisiate alimnong'oneza Paea garini.

"Lini amewahi kukutazama?"

Lisiate alifikiri, akaona ni kweli. Maisha yake yote dada yake alimpa heshima ya kutomkodolea macho, naye akampa ileile. Sasa alikuwa anatafuta aibu ndani ya heshima, na vyote viwili vilivaa nguo moja.

Harusi ilifanyika kama inavyopasa. Melenaite alikaa juu ya mikeka, mgongo wima, akapokea kilicho chake bila kushukuru, kwa kuwa mtu hashukuru kwa kilicho chake. Nguruwe mweusi aliwekwa mbele yake. Wazee walisema hawajaona shangazi aliyekaa vizuri namna ile kwa miaka. Lisiate alikuwa chini, karibu na mlango, mahali pa baba wa bibi harusi, jipu limepona, na hakusikia ladha ya chakula.

Siku ya tatu Paea alirudi kutoka nyumba aliyofikia wifi yake akiwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa simu. Si ya Lisiate.

"Wifi amenituma nimpelekee Latai," alisema. "Anasema aondolewe ile albamu. Na ramani. Vyote."

"Kwa nini?"

"Anasema macho yake yamechoka. Picha zinakuja nyingi, zinamuumiza macho."

"Amesema picha, au amesema picha ile?"

"Amesema picha."

"Alisemaje? Alikuwa anatazama wapi?"

"Alikuwa anasuka nywele za mjukuu, Lisiate. Alikuwa anatazama nywele."

Lisiate alikaa. Mlango ambao yeye asingeweza kuufunga, dada yake ameufunga mwenyewe, upande wake, ili neno lile la kuacha kushiriki lisitoke kwa kaka. Ni mtu aliyeona ndiye angefanya hivyo. Au ni mtu mwenye macho mabovu. Alijua anapaswa kushukuru, akatafuta shukrani, akakuta na kitu kingine pembeni yake kilichomuuma kuliko jipu: hakutakuwa na neno la asubuhi tena. Atachimba kiazi na hakuna atakayekiona mpaka kioze. Amesamehewa, au ametolewa nje? Paea alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi.

"Nimpelekee au nisimpelekee?"

"Dada amesema," alijibu Lisiate. "Mpelekee."

Kisha akachukua mti wa kuchimbia akaenda shamba. Alichimba mpaka jua likasimama juu ya kichwa, akachagua viwili vizuri, akavipangusa udongo kwa mkono, akavipanga kwenye kapu la majani ya mnazi alilolisuka palepale, kama baba yake alivyofanya kwa shangazi zake. Simu aliiacha nyumbani chini ya sufuria. Kaka hapeleki chakula mpaka chumbani kwa dada, kwa hiyo aliliacha kapu kwenye ngazi ya jiko la nyumba ile, akakohoa ili asikike, akaondoka.

Jioni Paea alirudi na kapu tupu.

"Vimepikwa?"

"Vimepikwa, na ameanza kula."

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Mdogo wangu bado anajua kiazi.'"

Lisiate alilishika kapu kwa mikono miwili.

"Alisema akicheka, au alisema hivi hivi tu?"

"Alisema akitafuna," alisema Paea, akaenda kuwasha moto.